Maziwa ya Kuondoa Sumu

Nikichemsha maziwa ya watoto, baba hugeukia dirishani, maana daktari wa figo amemwambia ayaache. Harufu ile hunirudisha gereji ya Karatu, alikokuwa akiyeyusha risasi ya betri kuukuu kwenye sufuria, moshi ukimpanda usoni. Kila jioni mama alimpelekea kikombe cha maziwa, yake peke yake.

“Yanaondoa sumu,” baba aliniambia.

“Inatokea wapi?”

“Kwenye mkojo, mwanangu.”

Kesho yake nilizunguka nyuma ya gereji, mafundi walikokuwa wakijisaidia, nikachokora udongo kwa kijiti nikitafuta kitu kinachong'aa kama ile risasi. Nilikuta nzi tu.

“Baba,” nikamwambia, “haijatoka.”

Alicheka mpaka maziwa yakammwagikia kifuani.