Karani Aliyekwenda Kuteka Maji

Afadhali niwasimulie mimi mwenyewe, maana mkingoja Mama Anyesi awasimulie (jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, yule ambaye habari ikiingia kwake asubuhi na miguu miwili, jioni inatoka na minne), mtaambiwa kwamba nilibaki uchi mbele ya wanawake wote wa mtaa, jambo ambalo si kweli, nguo nilikuwa nazo, zilikuwa zimelowa tu, na kaptula ni nguo vilevile. Aibu niliipata, sikatai. Niliipata nzima nzima, na mke wangu Josefina hadi leo akiinama kuosha ndoo anacheka peke yake, nami najua anacheka nini.

Miaka ile ya Wabelgiji mji wetu ulikuwa bado unaitwa Élisabethville, na mimi nilikuwa karani katika kampuni moja ya kusafirisha mizigo, karani wa mashine ya kuandika, yaani kazi yangu hasa ilikuwa kukaa. Asubuhi natoka nyumbani juu ya kinga (ndivyo tunavyoita baiskeli huku kwetu), nafika ofisini nakaa, saa sita nakula nimekaa, jioni napanda kinga narudi, nakaa kwenye kiti changu cha uvivu mbele ya nyumba nasoma gazeti, na Josefina ananiletea bukari (ugali wa kwetu) hapo hapo ili baba asisumbuke. Tumbo likaota. Vifungo vya shati vikawa vinaruka, anavishona, vinaruka tena, na wala hakulalamika, maana kwetu mume mwenye tumbo ni sifa ya mke, watu wanajua nyumba ile wanakula. Nami nilijisifu, nikitembea tumbo linatangulia, mimi nafuata.

Lakini magoti yakaanza kulia na pumzi ikawa inaniacha kwenye ngazi za ofisi, nikaenda kwa munganga wa kampuni, Mbelgiji mzee aliyekuwa na Kiswahili chake cha mabwana, akanigonga kifua, akanigonga magoti, akavua miwani.

"Weye hapana gonjwa," akasema. "Weye nakaa sana. Mguu yako nasahau kazi yake."

Dawa hakunipa hata kidonge. Aliniambia kila siku nyumbani nifanye kitu kwa mwili wangu, nitembee, niiname, nibebe, vitu vidogo vya kila siku, nisingoje siku kubwa. Nikarudi nikifikiri. Kuiacha kinga nyumbani haikuwezekana, karani akionekana anakwenda kazini kwa miguu watu wanasema amefukuzwa. Mpira, umri umepita. Basi kesho yake alfajiri nikamwona Josefina anachukua ndoo kwenda kwenye bomba la mwisho wa barabara yetu, nikajiambia, Plasidi, si hilo hapo? Kutembea kupo, kuinama kupo, kubeba kupo, na maji mnapata. Nikamwambia anipe ile ndoo.

Kwanza alicheka. Alipoona sicheki, na yeye akaacha.

"Plasidi, bantu batasema," akaniambia. "Na habatasema juu yako. Batasema juu yangu."

Nikamjibu kwamba sisi ni watu wa kisasa, tunasoma gazeti, maneno ya watu wa bomba hayatuhusu (ningeumwa ulimi siku ile ningepona mengi). Nikachukua ndoo nikaenda.

Siku ya kwanza niliposogea pale bombani wanawake walinyamaza wote, wakanipisha, nadhani walifikiri nimetumwa na ofisi ya mtaa kukagua maji. Nikajaza, nikaitwika bila kata, nikafika nyumbani nusu ya maji iko ndani ya shati. Nikajifunza. Baada ya majuma machache nilikuwa naenda na kaptula na fulana, kichwani nimeweka kata ya kitambaa, magoti yamenyamaza, nalala usingizi mzuri, na nikaanza hata kuwafundisha wanaume wenzangu ofisini faida za maji ya asubuhi. Hakuna aliyenifuata. Mmoja alikuja nyumbani kuniomba niache, kwa sababu mke wake ameanza kumtazama vibaya kila akishika ndoo.

Nyuma yangu maneno yalikuwa yanapikwa. Wengine walisema Josefina analala hadi jua limwingie miguuni. Wengine wakasema hapana, amenitilia dawa ndani ya bukari, mwanaume mzima na kalamu zake mfukoni hawezi kuteka maji kwa akili yake mwenyewe. Josefina alisikia yote, aliacha hata kukaa mlangoni jioni na wenzake, na mimi mwenye magoti mapya sikuona kitu. Kisha maneno yakapanda ndani ya vikapu vya wanawake wanaouza mboga, yakatoka mjini, yakafika Kasungami, kwenye mashamba, kwa mama yake.

Hapa lazima niwaeleze mambo yangu na mama mkwe. Tangu nilipooa sikuwahi kuuona uso wake. Nilijua mgongo wake, nilijua vitenge vyake, na zaidi nilijua kikohozi chake, maana akija kututembelea anakohoa kwenye kona ya nyumba, mimi natoka kwa mlango mwingine. Nikimwona kwa mbali njiani nageuza kinga naingia barabara nyingine, hata ikiwa nachelewa kazini. Si chuki, ni heshima, kwao iko na kwetu Kasai iko, na mtu akiivunja, akamtazama mama mkwe wake usoni au akajionyesha kwake ovyo ovyo, ni kama amemvua nguo mbele za watu. Suti unaweza kuvaa, Kifaransa unaweza kusema, lakini jambo hilo hakuna karani aliyelichezea.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili, kabla ya misa, maji yanatoka kidogo na wanawake wamejaa. Zamu yangu ikafika, nikajaza ndoo yetu kubwa ya bati mpaka juu (majivuno hayo, siku nyingine sikuwa najaza hivyo), Mama Anyesi akanisaidia kuitwika, nikaikalisha vizuri juu ya kata, nikanyoosha shingo niondoke. Nikasikia kikohozi.

Kikohozi kile ningekitambua hata sokoni. Mama mkwe alikuwa ametoka Kasungami giza halijaisha, kikapu cha mihogo na sombe, majani yake, kichwani, na hakupitia nyumbani kwetu, alikuja moja kwa moja bombani, kwa kuwa alitaka kuona kwa macho yake kama watu wanasema kweli. Mbele yangu kuna ukuta wa bomba, nyuma wanawake wamesongamana, upande wa kushoto mtaro wa matope, upande wa kulia kikohozi kinakaribia. Mtu mwenye ndoo iliyojaa kichwani hageuki haraka. Nikifumba macho mimi, yeye ataniona, tena na kaptula. Na ndugu zangu, sijui akili ile ilitoka wapi, nikaishika ndoo kwa mikono miwili, nikaipindua na kuivuta chini, maji yote yakanimwagikia, na kichwa changu kikaingia ndani mpaka mabegani.

Heshima niliilinda, hilo semeni. Ila ndani ya ndoo ni giza, masikio yanauma, na kicheko cha wanawake wa bombani kikigonga bati unakisikia mara mbili. Nikataka kuondoka. Nikanyanyua mguu, ukaingia ndani ya beseni la Mama Anyesi, beseni likateleza nami, nikakaa chini kwenye matope ya mtaro, puu, karani mzima. Hapo kicheko kikakatika ghafula.

(Waliniambia baadaye kwamba mama mkwe alikuwa amekwisha kunipa mgongo, amesimama anatazama upande wa kanisa, kikapu bado kichwani.) Nikasikia sauti yake, haisemi nami, inasema na Mama Anyesi, kama desturi inavyotaka.

"Mama, uniulizie ule muntu iko ndani ya ndoo. Mutoto wangu iko mugonjwa?"

Mama Anyesi akainama, akaipigia ndoo kelele kana kwamba mimi niko Kasapa, nje ya mji, ingawa nilikuwa nimesikia vizuri sana. Nikajibu hapana, si mgonjwa. Mama mkwe akasema neno ambalo mpaka leo sijalisahau.

"Basi nakuya kumukamata. Kama hayue kuteka mayi ya bwana yake, mie njo sikumufundisha. Atarudi kwangu, nitamufundisha tena."

Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema kwa aibu, aibu ya mama aliyetembea gizani kwa sababu watu wamesema amezaa mvivu, na kwao mke akirudishwa kufundishwa upya anaweza kukaa hata mwaka, wengine hawarudi. Josefina wangu. Anayeamka kabla ya jogoo, anayeshona kifungo kile kile bila kunung'unika, ataondoka leo mbele ya mtaa mzima kwa sababu magoti yangu yalikuwa yanalia. Nilikuwa na sifa ya kutoa hotuba kwenye mikutano yetu ya makarani, kwa Kifaransa, na mkono mmoja mfukoni. Siku ile nilikuwa na sauti ya ndoo tu, nikaitumia.

Nikamwambia Mama Anyesi amweleze mama kila kitu, munganga, kiti, tumbo, pumzi kwenye ngazi, na kwamba Josefina alinikataza nikajifanya mjuaji. Mama Anyesi akaanza kueleza akaongeza yake, nikamkatiza.

"Umuambie hivi. Bibi yangu hana kosa hata moja. Mie njo mubaya, mie njo nakaa sana. Akimubeba leo, mie nitabakia na hii ndoo ku kichwa, siitoshe tena."

Kisha nikasikia miguu inakimbia, mtu alikuwa amemwita Josefina, nikasikia pumzi yake ikisimama mbele yangu anaitazama hali nzima, mama amegeuka kule, mume amekaa matopeni na ndoo mabegani. Akachuchumaa. Akaweka mkono wake juu ya ndoo, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto, na mimi humo ndani machozi yakanitoka, nashukuru nilikuwa nimelowa tayari.

"Mama, nilimuambia," akasema. "Hasikiaka."

Hapo ndipo niliposikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu nilipooa, mama mkwe wangu anacheka. Alicheka mpaka akatua kikapu. Akauliza kwa Mama Anyesi kama ni kweli ugonjwa wa mukwe wake ni kukaa tu, akajibiwa ni kweli, munganga mzungu amesema. Akasema basi dawa ya ugonjwa huo anayo, iko Kasungami, ni shamba, na jembe liko, na Jumamosi mchana makarani hawafanyi kazi, anajua. Mtoto wake abaki. Kisha wanawake wakamsindikiza nyumbani kwetu kwa njia ya kuzunguka, wakimbebea kikapu na kumwomba msamaha kwa maneno yao, ili mimi nitolewe kwenye ndoo.

Nayo haikutoka. Ilikuwa imeshika masikio. Josefina alipaka sabuni, Mama Anyesi akavuta mkono wa ndoo (kwa furaha kubwa, nilimsikia), mwingine akanishika miguu, na misa ikaanza bila sisi. Jumatatu nilikwenda ofisini na masikio mekundu kama pilipili, mkubwa wangu akaniuliza kama nimeungua na jua, nikasema ndiyo.

Kuteka maji sitateka tena, nimeapa, hata mtaa mzima ukiungua nitaleta mchanga. Na nyinyi makarani wenzangu mnaoanza kuota matumbo, nawaambia, ukitaka kuusumbua mwili wako usianze alfajiri peke yako kwa ushujaa, nenda kwanza kwa watu wa mke wako uwaambie, maana mwili ni wako lakini wanaotazamwa ni wao.

Tangu hapo kila Jumamosi baada ya kazi napanda kinga naenda Kasungami. Mama mkwe analima upande ule amenipa mgongo, mimi nalima upande huu nimempa wangu, na Josefina anatembea katikati akitupelekea maji ya kunywa na maneno, ya huku kule, ya kule huku. Sikujua kulima, siwafichi, matuta yangu ya mwaka wa kwanza yalikwenda yanapotaka yenyewe. Shemeji zangu walipofika na majembe wayapige upya, mama yao aliwazuia, na Josefina akaniletea neno lake pamoja na kikombe cha maji.

"Mama anasema, matuta ya mukwe wake inapinda, lakini muntu asiiguse."