Mstari Niliouchekea

Nilijifunza Kiitaliano nikiwa mpishi wa masista huko Italia kwa miaka tisa, na niliporudi Musoma niliona ni ujinga kuitupa lugha niliyoipata kwa kumenya viazi vya watu. Kwa hiyo ndugu wa fundi mmoja wa magari, Mwitaliano marehemu aliyewahi kuishi misheni upande wa Butiama, aliponiandikia kuomba kitabu cha hadithi za kweli za mzee huyo kifasiriwe kwa Kiingereza, nilikubali bila kujishauri. Mzee alikuwa na kalamu tamu. Kila ukurasa ulijaa misemo ya kwao, na misemo ndiyo iliyonivuta.

Utaratibu wangu ulikuwa mmoja. Nasoma msemo, nafunga kitabu, najiuliza Mwingereza mcheshi angesemaje, kisha naandika hivyo. Sina subira na wafasiri wanaobeba neno kwa neno. Na chochote kilichoning'inia kwenye sentensi na kuupunguzia mzaha kasi, nilikifyeka.

Asubuhi moja, nyumbani kwangu Nyasho, nilifika kwenye habari za dereva wa lori la misheni aliyekwenda kwa siri kuchimba dhahabu Buhemba, shimo likamfukia. Mwitaliano hakusema amekufa. Aliandika kwamba amevuta ngozi, ndivyo kwao wanavyomtania mtu aliyekufa. Nilicheka. Waingereza nao wana utani wa namna hiyo, husema mtu kaipiga ndoo teke, basi nikaandika huo. Sentensi ilikuwa na mkia mrefu unaoeleza mahali penyewe. Nikaukata, nikaenda kuchemsha chai huku nikijisifu.

Niliporudi nikafungua ukurasa uliofuata. Dereva huyo, mzee aliandika, alikuwa mtu wa Kiriba, hana vidole viwili mkono wa kushoto, na kila akibadilisha gia alipiga mluzi. Ameacha mke mwenye mimba ya kwanza.

Chai ilinimwagikia mapajani wala sikusikia moto wake. Mtu huyo nilimjua kwa picha moja tu, ameshika usukani kwa mkono wa vidole vitatu. Alikuwa baba yangu, na ile mimba ni mimi. Mama aliniambia siku zote kwamba baba alikufa kwa malaria akiwa safarini Bunda, na kila Desemba niliyokuwa nyumbani nilikwenda kupalilia kaburi lake. Nilikuwa nimekicheka kifo cha baba yangu mwenyewe, tena nikajipongeza. Nilitia kitabu na kompyuta begini, nikapanda gari la Butiama.

Nilimkuta mama nyumbani kwake Butiama akianika muhogo uani. Nikamweleza yote niliyoyasoma. Hakushtuka, na jambo hilo lilinishtua zaidi ya kitabu.

"Ni kweli," alisema. "Malaria nilikuambiaga kwa sababu ulikuwa mtoto. Halafu ikakaa hivyo hivyo."

"Na kaburi?"

"Mle kuna mgomba. Mtu asipopatikana tunazikaga mgomba. Wenzake walikuwa wanachimba bila kibali, wakaapa hawataonyesha mtu shimo. Nimezunguka Buhemba mwanangu, mpaka miguu ikakataa."

Nilikaa chini palepale. Miaka yote hiyo nilikuwa naling'olea magugu shina la mgomba, nalisalimia, nalieleza habari za masista na viazi. Niliona hasira, kisha aibu, kisha sikujua naona nini.

Mama aliweka chini ungo. "Huyo mzungu ameandika ni shimo gani?"

Nikafungua kompyuta, nikasoma Kiingereza changu kizuri. "Hapana mama, hakuandika."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye muhogo wake. Ndipo nilipokumbuka. Aliandika. Mimi ndiye niliyefuta.

Nilitoa kitabu chenyewe begini. Nikamsomea kwa Kiswahili, polepole, neno kwa neno, bila kuruka hata moja: nyuma ya karasha kubwa la kusagia mawe, hatua arobaini kuelekea mkuyu uliopasuliwa na radi.

Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Hilo karasha lipo mpaka leo, limeota kutu," alisema. "Nilikuwaga napumzikia pale."

Akanawa mikono, akaniomba nimletee viatu vyake.