Spika ya Katikati

Kabla ya kufungua boksi lolote, fundi Sikio hupiga kofi moja katikati ya chumba, kisha hunyamaza na kusikiliza. Chumba chenye vigae vitupu na madirisha makubwa hulirudisha kofi hilo likiwa kali, kama bati lililodondoka. Chumba kilichoandaliwa hulimeza. Amefunga vyombo vya muziki kwa miaka ishirini na sita, kwenye kumbi za mikutano na sebuleni kwa watu, na anaamini kofi moja humweleza mengi kuliko mwenye nyumba.

Jumamosi ile, sebuleni kwa mdogo wake, kofi lilimezwa. Alitazama chini akaona zulia jipya, nene hadi vidole vya miguu vinazama. Alitazama madirishani akaona mapazia mazito yaliyogusa sakafu.

"Nilisoma mahali kwamba vitambaa vinasaidia sauti," mdogo wake alisema. "Nimekosea, kaka?"

"Hujakosea."

Neno hilo lilimtoka kwa shida. Angefurahi kumkuta amekosea japo kidogo.

Ukoo mzima humwita mdogo wake Meneja, tangu alipopewa kusimamia bohari ya vigae. Sikio naye alipewa jina na mama yao, utotoni, kwa kuwa aliweza kuitambua baiskeli ya baba kwa mlio wa mnyororo kabla haijakata kona. Ni hao wawili tu. Mama ana miaka sabini na mitatu, na tangu paa la nyumba yake lilipoanguka ameishi kwa zamu, mwezi kwa mkubwa, mwezi kwa mdogo. Mwezi ule aliwaambia wote wawili kwamba amechoka kubeba begi kama abiria. Ukiisha, angechagua nyumba moja akae.

Kwa Meneja ana chumba chake chenye bafu ndani. Kwa Sikio analala na mjukuu. Lakini Sikio alikuwa na kitu kimoja ambacho mdogo wake hakuwa nacho. Mama anapenda tamthilia, na sikio lake la kushoto halisikii. Kila jioni, mbele ya televisheni ndogo, Sikio alikuwa akiketi kuliani kwake na kumrudilia maneno ya waigizaji. "Anamwambia barua imeonekana, mama." "Sasa anakana." Mama alicheka sekunde mbili baada ya wengine, ameegemea bega la mwanawe. Mke wa Sikio aliwaita balozi na mkalimani wake. Kwa Meneja, mama alikuwa akisinzia kabla hadithi haijafika katikati.

Meneja aliliona hilo, akafanya anachofanya siku zote: akanunua. Spika tano, sabufa, amplifaya, na televisheni pana kama mlango. Kisha akamwita fundi bora anayemjua.

"Angemwita fundi mwingine ningemsema," Sikio alimwambia mkewe asubuhi hiyo. "Ameniita mimi, ndiyo ameniweza kabisa."

"Roho inakuuma?"

"Iniume kwa lipi? Kazi ni kazi."

"Basi kunywa chai. Umekunja uso kama ngumi."

Kazi aliifanya vizuri, hilo halina ubishi. Spika mbili za mbele alizisimamisha usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, akapima kwa futi ya utepe hadi zikalingana. Ya katikati aliiweka chini ya televisheni, akaiinua pua kidogo imtazame msikilizaji. Mbili akazitundika ubavuni, nyuma kidogo ya viti. Sabufa aliihamisha mara nne, kwa sababu kila kona ina ngurumo yake. Saa saba mchana zilikuwa zimebaki hesabu za mwisho. Kuna maikrofoni ndogo ambayo huwekwa pale kichwa cha msikilizaji kinapokaa; mashine husikiliza kupitia hiyo, kisha hupanga kila spika itoe sauti kiasi gani.

"Niiweke wapi?" Sikio aliuliza. Alitarajia kuonyeshwa kiti cha mwenye nyumba.

"Pale kwa mama." Meneja aliashiria kiti kipya cha kuegemea, katikati kabisa ya zulia. "Sisi wengine tutakaa popote."

Sikio aliona gere hadi akahisi joto masikioni. Hata hilo mdogo wake alikuwa amelifikiria.

Upimaji unataka ukimya. Mke wa Meneja alizima feni na friji, akawafukuza watoto uani. Mama, aliyekuwa ameketi barazani, aliambiwa asikohoe kwa dakika tano.

"Na nikifa je?" aliuliza. "Niwaage kwa ishara?"

"Mama, tafadhali!" Meneja alicheka, na kipimo cha kwanza kikaharibika.

Cha pili kilikubali. Kila spika ilitoa mvumo wake kwa zamu, kama mvua inayohama kutoka paa moja kwenda jingine. Kisha Sikio akajaribu kwa rekodi anayoitumia kila mahali, ya mwanamke anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Sauti ilitoka katikati ya kioo cha televisheni, safi, kana kwamba msomaji ameketi pale zuliani. Hapo ndipo alipoelewa alichokuwa amekitengeneza kwa mikono yake. Katika chumba hiki, hakuna mtu angehitaji kurudiliwa neno.

Meneja alikuwa jikoni akiwasha friji. Sikio alichukua rimoti, akafungua viwango vya sauti, akashuka hadi spika ya katikati. Katika tamthilia, karibu maneno yote ya watu hupita kwenye spika hiyo. Muziki na vishindo vina njia nyingine. Aliipunguza desibeli nane. Haikumchukua hata sekunde kumi. Atakayeingia atasikia ngurumo na kusifu. Maneno tu ndiyo yangezama, na hakuna mwenye nyumba ambaye angejua pa kuyatafuta.

Mama aliletwa ameshikwa mkono. Mke wa Meneja akamwekea mto mgongoni. Muziki wa mwanzo ulipiga, glasi zikagongana kabatini.

"Mama, unaonaje?"

"Ee! Nyumba nzima inacheza."

Waigizaji wakaanza kuzungumza. Mama akainama mbele. Akageuza kichwa, sikio la kulia likaelekea televisheni. Akaweka kiganja nyuma yake. Sikio alisimama ukutani akisubiri. Alikuwa ameyaandaa maneno ya mama kichwani mwake: hii ya mdogo wako kelele tupu, nipeleke kwako nikasikie.

Simu ya Meneja ikalia, akatoka nje. Mkewe alikuwa anatazama, hana habari. Mama akampungia Sikio mkono, naye akainama.

"Yamekwisha," mama alisema taratibu.

"Nini, mama?"

"Masikio. Nilidhani ni moja tu. Kumbe na hili limeondoka. Mashine kubwa namna hii, na sijui mtu anasema nini."

"Labda ni mashine."

"Mashine umeifunga wewe. Ukifunga wewe haina kosa." Alimpapasa mkono. "Usimwambie mdogo wako. Amehangaika, atavunjika moyo. Mimi nitatazama picha."

Aibu ilimshika, lakini wivu haukutoka, vilikaa pamoja. Hata akiwa anapoteza masikio, mama alikuwa akiulinda moyo wa mdogo. Wa mkubwa je? Alitaka kuuliza. Akamtazama: amekunja mikono mapajani, macho kwenye kioo, anatikisa kichwa pale waigizaji wanapotikisa vyao. Mke wa Meneja alicheka, naye akaharakisha kutabasamu ili asiachwe nyuma.

Sikio akachukua rimoti.

"Kuna kitu sijamaliza, mama."

Akarudisha desibeli nane. Kisha akaongeza mbili juu ya zile mashine ilizokadiria, kwa sababu mashine haijui habari za sikio la kushoto. Kwenye kioo mwanamume alikuwa akimdanganya shemeji yake. Kwa mazoea, Sikio akachuchumaa kuliani kwa kiti.

"Anasema hajawahi kufika hapo, lakini..."

"Nyamaza, nasikia."

Hakumgeukia. Muda mfupi baadaye alicheka, sawasawa na mke wa Meneja, bila kuchelewa hata nukta.

Meneja alirudi akasimama mlangoni. "Kaka, umefanya nini? Imekuwa nyingine."

"Nilikuwa nasawazisha," Sikio alisema, akaanza kukunja nyaya zilizobaki.

Mwezi ulipoisha mama alichagua kwa Meneja. Aliwatangazia wakiwa nyumbani kwa Sikio, amemshika mwanawe mkubwa mkono, akasema ni kwa ajili ya miguu: bafu liko karibu. Hakuna aliyeamini, hakuna aliyebisha. Usiku huo Sikio alimweleza mkewe habari za zile desibeli nane.

"Ungeziacha zimepunguzwa," mkewe alisema.

"Ningeziacha vipi?"

"Sasa unanuna nini?"

"Nani kanuna?"

Siku hizi kila Jumamosi huenda kwa mdogo wake na maikrofoni na futi yake. Husema chumba hubadilika: zulia hulala, mapazia hushika vumbi. Kuna ukweli kidogo, si wa kila wiki.

"Kaka, hii kitu haina tatizo lolote," Meneja alimwambia.

"Wewe uza vigae."

Jumamosi iliyopita alimkuta mdogo wake ameketi kwenye kigoda kuliani kwa mama, wameinamiana, anamkumbusha nani ni mtoto wa nani katika tamthilia. Sikio alisimama mlangoni na begi lake. Alipiga kofi moja. Wote wawili wakageuka.

"Hapo unazuia sauti," alimwambia Meneja. "Inuka."

Meneja akainuka. Sikio akaketi.