Mkata nyasi na kokoto za mama yake

Saa moja kasoro asubuhi, Mendel Zuckerbrot amepiga magoti katika makaburi ya Wayahudi ya Marlow Falls, Ohio, akipapasa nyasi kwa vidole. Anaokota kokoto, anaitia kwenye ndoo, anasogea. Hajawasha mashine ya kukata nyasi bado.

"Moja ikipita kwenye kisu, inatoka kama risasi," anasema.

Hasemi hivyo kwa kusikia. Miaka mitatu iliyopita, hapa hapa, mashine yake ilirusha kokoto ikapasua kioo cha gari la mgeni. Mendel, 62, anayeukatia mji nyasi kwa dola 23 kwa saa, alijaza fomu ya ajali. Chini akaongeza ushauri ambao hakuna aliyemwomba: kokoto zipigwe marufuku.

"Nilikuwa na hasira," anakiri. "Nimezaliwa Myahudi, najua kabisa kwamba ukizuru kaburi unaacha kokoto juu yake, kumkumbuka marehemu. Lakini siku ile ningepiga marufuku hata mvua."

Mwaka huu familia arobaini za Kiyahudi ziliomba kona ya bustani ya mji, wajenge mnara wa kumbukumbu ya ndugu zao waliouawa katika Maangamizi ya Wayahudi chini ya Wanazi. Madiwani wasioutaka hawakusema hawautaki. Walizungumzia maegesho, kisha mifereji, na hatimaye diwani Darlene Hutchins akainua fomu ya Mendel, maana kwenye mnara nako zingeachwa kokoto.

"Jamani, sisemi mimi! Anasema mfanyakazi wetu mwenyewe. Tena ni mwenzao."

Ukumbini alikuwepo Bluma, mama yake Mendel, mwenye miaka 91. Wazazi wake na mdogo wake wa miaka sita, Leibish, waliuawa Poland, na hawana kaburi. Tangu utoto Bluma hajapata mahali pa kuwawekea kokoto. Alimgeukia mwanawe.

"Kumwandikia shangazi yako barua kunakushinda mwaka mzima. Hii ndiyo ukaiandika?"

Watu walicheka. Mendel anasema aliona aibu kuliko siku yoyote maishani mwake. Alikwenda kwenye kipaza sauti.

"Waheshimiwa, nilikosea. Nitaziokota kwa mkono kabla ya kukata. Saa hiyo msinilipe."

Mnara ulipita kwa kura nne dhidi ya tatu, kwa sharti moja: kila Alhamisi, siku ya kukata nyasi, kokoto zote ziondolewe, na mwondoaji awe Mendel.

Uzinduzi ni Oktoba. Mendel amelisoma sharti hilo mara nyingi na ameona halisemi kokoto zipelekwe wapi. Mpango wake ni kuziweka kwenye ndoo, akate nyasi, kisha azirudishe zote juu ya mnara.

Alimweleza mama yake jikoni, huku Bluma akimenya viazi.

"Utajuaje ipi ni ya Leibish?" Bluma akauliza.

"Sitajua, mama."

Bluma alimaliza kumenya kiazi alichoshika.

"Basi usipoteze hata moja."