Bakuli Tatu za Tuda

Tuda alikuwa amefagia shule yetu na kuwapikia wanafunzi kwa miaka kumi na mmoja, na sikuwahi kumsikia akiomba kitu. Mlo wa watoto ulikuwa dengu na mkate, mkate na dengu. Siku ya Ijumaa aliweka kitunguu, akakikatakata kidogo sana ili kila sahani ipate.

Kwa hiyo mwalimu aliposema ule uwanja wa mawe nyuma ya madarasa ungefaa kuwa bustani, sisi kina mama tulimtazama Tuda kwanza. Alikuwa ameegemea ufagio wake. Akasema, "Mboga za majani. Na milozi pembeni." Basi, ikawa hivyo.

Kila nyumba ikatoa sufu ya kondoo wawili. Tulifuma zulia nyumbani kwa Tuda majira yote ya baridi, wanawake saba kwenye kitanda kimoja cha kufumia, na mimi nikimnyonyesha binti yangu huku mkono mmoja ukikaza nyuzi. Zulia lilipouzwa mnadani, pesa zikanunua waya, majembe, mbegu na miche arobaini ya milozi. Wanaume wakaja siku mbili, kila mtu na chakula chake, wakajenga ukuta wa udongo. Hata Moha, kaka yake Tuda, alikuja na punda wake akabeba mawe.

Siku ya kupanda, mwalimu, ambaye ni mtu wa mjini, akauliza, "Maji yetu yanafunguliwa wapi?"

Watu wakatazamana. Kijiji kizima tulikuwa tumejenga bustani, na hakuna aliyefikiria maji, kwa sababu kila nyumba ilidhani nyumba nyingine imeshayatoa.

Mfereji unapita hatua tano tu kutoka ukutani. Lakini maji yake yote yana wenyewe, tangu enzi za mababu. Bassu, msimamizi wa mfereji, huweka bakuli lake la shaba lenye tundu lielee ndani ya ndoo ya maji. Bakuli likijaa na kuzama, muda huo wa maji umehesabiwa bakuli moja. Kila ukoo una bakuli zake, na zikiisha, Bassu huita jina linalofuata.

"Mwalimu," Bassu alisema, "humu hamna maji ya bure. Hata panya akinywa, anakunywa zamu ya mtu."

Tukabeba ndoo kutoka kisimani wiki mbili. Wakati huo nilikuwa namwona Tuda kila asubuhi akishika jani la mlozi kwa vidole viwili, kama mtu anayempima mtoto homa. Majani yalianza kujikunja.

Siku moja nilikwenda kwa Moha kurudisha chekecheke la mkewe, Izza. Nikamkuta Tuda amesimama uani, hajaketi.

"Kaka, nimekuja kwa ajili ya bakuli zangu tatu."

Moha alikuwa anakunywa chai. Akaiweka chini. Kwetu mwanamke hurithi maji, lakini huyaacha kwa kaka yake, na anayeyadai husemwa kwamba amemuuza ndugu yake. Bakuli tatu za Tuda zilikuwa zikimwagilia majani ya ng'ombe wa Moha tangu baba yao afariki, miaka ishirini na sita.

"Nani kakutia maneno haya? Yule mwalimu?"

"Baba ndiye aliyenitia. Sita zako, tatu zangu."

"Na ng'ombe wangu wale nini?"

"Ng'ombe wako wamenona kutushinda mimi na wewe, Moha."

Izza akacheka puani. "Wifi yangu, hata mtoto mmoja hukujaliwa. Bustani ya shule inakuhusu nini?"

Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Tuda akamgeukia taratibu.

"Watoto sitini na wawili huninyooshea sahani kila adhuhuri. Wako wewe wangapi, Izza?"

Moha akasimama. "Kama unayataka, kayadai mferejini, mbele za watu."

Alijua aibu ingemzuia. Sisi wote tulijua hivyo.

Asubuhi ya zamu ya Moha, Tuda alikuja mferejini na aproni yake ya jikoni. Bakuli la kwanza likazama, la pili, la tatu. Lilipozama la sita, akasogea mbele.

"Bassu, zilizobaki ni zangu. Zipeleke shule."

Bassu akamtazama Moha. "Mzee wenu alinitamkia mwenyewe," akasema. "Sita na tatu. Nimengoja mtu aulize."

Moha alikuwa mwekundu hadi masikioni. Akamnyang'anya kijana wake jembe.

"Kama yatafunguliwa, nitayafungua mimi. Sitaki isemwe nimenyang'anywa."

Akaupiga mara tatu udongo uliozuia maji yasiende shule. Maji yakageuka, yakapita chini ya ukuta, yakaingia kwenye mitaro yakiwa yamebeba majani makavu na povu. Watoto walitoka darasani bila ruhusa, na mwalimu naye nyuma yao.

Ndipo mama mkwe wangu, ambaye huwa hasemi mbele ya wanaume, akajifuta mikono. "Bassu, na zangu mbili ziko kwa kaka yangu. Tangu mwaka ule wa nzige."

Kaka yake akaanza kutazama viatu vyake. Nyuma yetu mwanamke mwingine akakohoa.

Mpaka vitunguu vinachipua, shule ilikuwa na bakuli kumi na moja, zote za kina dada. Sasa Ijumaa watoto hula kuskusi na maboga na karoti, na Izza hutuma mtu kuomba mnanaa. Tuda humpa, fungu nene.

Siku ya kwanza Bassu alimuuliza, "Niite nini zamu yenu ikifika? Shule?"

"Ita jina langu," Tuda akamjibu. "Shule itakunywa."

Kwa hiyo siku za zamu, nikiwa nafua mferejini na binti yangu mgongoni, namsikia Bassu akipaza sauti, "Tuda binti Hassu!" Na yeye, jikoni kwake, huitikia kwa nguvu hadi asikike ng'ambo ya pili ya mfereji.