Sauti ya Maji Nyuma ya Ukuta

Dada yangu alifariki nikiwa na miaka kumi na mitatu, yeye kumi na saba. Asubuhi ya mwisho aliniita chumbani akaniomba nimfumue nywele, kwani kichwa kilikuwa kikimgonga na misuko ikimvuta. Shoga zangu walikuwa barazani wakinisubiri twende nyumba ya harusi mtaa wa pili. Nikamwambia, "Nikirudi." Akajibu, "Haya, ukirudi."

Hakuniita tena. Niliporudi adhuhuri nilikuta kitanda kitupu. Baba alikuwa amempakia kwenye gari la jirani kumkimbiza hospitali Kilifi. Sisi tulikaa Takaungu, na miaka ile ya themanini daraja la Kilifi halijajengwa, watu wakivuka kwa feri. Baba alisema baadaye kwamba dada alikuwa amelaza kichwa mapajani pake, na kwamba alipoiona feri ikitoka ng'ambo aliiona kama haisogei. Homa ilikwisha kupanda kichwani. Siku ya pili walirudi naye amefunikwa shuka.

Watoto tulipelekwa kwa jirani. Nyumba zetu ziligawana ukuta mmoja, na juu yake, karibu na dari, palikuwa na tundu la kupitishia hewa. Kwa tundu lile nikasikia maji. Yalimwagwa kidogo, yakanyamaza, yakamwagwa tena. Sauti nyingine haikuwapo.

"Wanamfanya nini?" nikamuuliza jirani.

"Wanamtengeneza, mwanangu," akasema, akanivuta akanifunika na leso yake. Lakini masikio hayafunikiki.

Maji yale yalinifuata. Mama akiosha mchele, nilitoka jikoni. Mtu akioga uani, nilikwenda kusimama barazani mpaka amalize. Mimi mwenyewe kwa muda mrefu nilioga kwa kuchovya kitambaa na kujifuta, ili maji yasitoe sauti. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani kwamba kila yanapomwagika naisikia sauti ya dada ikinijibu, "Haya, ukirudi"?

Dada alikuwa akishona. Cherehani ilikuwa pembeni mwa ukumbi, na juu yake gauni la mtu ambalo hakulimaliza, alama zake za chaki bado zinaonekana. Arubaini ilipopita, mama akanikalisha pale. Hakunilazimisha kwa ukali. Aliweka mkono wake begani kwangu, akasema, "Mwenzio alianza hivihivi." Nilipomaliza darasa la saba, suala la kuendelea na masomo halikuzungumzwa, kwa sababu kazi yangu ilikuwa imekwisha kupatikana. Wateja walikuja na vitambaa vyao wakasema, "Nikatie kama alivyokuwa akinikatia marehemu." Nami nikakata kwa karatasi zake za vipimo, nikapinda alipopinda yeye. Gauni likiharibika walilitazama, kisha wakanitazama mimi kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kutukanwa. Wakati mwingine nilihisi kabisa kwamba kuna mtu amesimama nyuma yangu, anaangalia mikono yangu na hasemi kitu.

Nilishona hivyo miaka sita.

Kisha jirani yule, aliyenifunika na leso, naye akafariki. Alikuwa mtu mzima, ameugua na kuuguzwa, na kifo chake hakikumshtua mtu. Mimi nilitumwa kupeleka mkasi na jora la bafta nyeupe ya sanda, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kukata. Nilikusudia kuviacha mlangoni.

Mlangoni nikakutana na bibi muosha maiti. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, asili yake Lamu, naye amewaosha wanawake wa mji wetu tangu mama yangu hajaolewa. Tulipokuwa wadogo tulikataa hata tende alizotupa. Tangu kifo cha dada nilikuwa nikibadilisha njia nikimwona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ingia ukate."

"Nimeleta mkasi na bafta tu, bibi. Sindano na uzi nimeacha."

"Sanda haitaki cherehani, mjukuu wangu. Ingia."

Nikaingia. Nilikata vipande alivyonionyesha, nimeupa kitanda mgongo. Nilipomaliza nikasimama niondoke, akaniambia bila kunitazama, "Mwenzangu anaumwa leo, na binti za marehemu wameishiwa nguvu. Shika birika."

Sijui kwa nini sikukimbia. Labda ni kwa sababu aliniambia kama anavyomwambia mtu anayeweza. Nikashika birika. Akanielekeza: mimina hapa, taratibu, upande wa kulia kwanza, usimfunue, mkono wangu utapita chini ya nguo. Maji yalikuwa na majani ya mkunazi yaliyopondwa. Yakamwagika, yakanyamaza, nikayamwaga tena. Sauti ni ileile. Ila safari hii nilikuwa upande wa pili wa ukuta, na niliona ilikotoka: kutoka mkononi mwangu, juu ya bega la mama wa watu aliyekuwa akinipa mkate wa mofa nikiwa mdogo.

Nikamimina mpaka bibi alipoomba sanda.

Siku ya tatu nilimfuata kwake. Nilijidai nimekuja kumjulia hali, lakini yeye hakuwa mtu wa kudanganywa.

"Unataka kuniuliza juu ya dada yako," akasema.

"Ndiyo, bibi. Wewe ndiye uliyemuosha. Nataka kujua alikuwaje."

"Kinachoonwa pale hakitoki nje. Ningekuwa na mdomo, nani angeniita?"

"Mimi ni ndugu yake."

"Na ndugu pia."

Nikakasirika, nikaenda zangu. Lakini alipoitwa kwenye msiba mwingine, upande wa Mtondia, akamtuma mjukuu wake aniite, nami nikaenda. Nilikuwa na hila: nilidhani nikikaa naye sana, siku moja atalegea aniambie. Basi nikawa namfuata. Nilijifunza kupasha maji mpaka yawe vuguvugu tu, kwa kuwa bibi aliamini kwamba maiti huumizwa na mkono mzito na maji ya moto. Nilijifunza kumsemesha maiti pole pole, "Tunakugeuza sasa, mama." Nilijifunza kuwaambia jamaa wanaopiga kelele mlangoni watoke, na wakatoka, wakubwa kwangu kwa umri. Ukumbini pa kwetu nilikuwa mwanafunzi wa marehemu. Katika vyumba vile watu waliniuliza mimi la kufanya.

Siwezi kusema ni lini niliacha kwenda kwa ajili ya dada. Nakumbuka tu siku moja, nikimfunga ushungi mwanamke nisiyemjua kabisa, nikagundua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimemuwaza.

Mama alichukia. Nikirudi alinitaka nivue nguo uani na nisiguse chungu. "Umri huu wako watu wanatafuta waume, wewe unatafuta wafu," alinipigia kelele. Na kweli, posa moja iliyokuwa imekaribia ilirudi nyuma. Ndugu wa yule kijana walituma maneno kwamba hawataki mkono ule upakue chakula chao. Mama alilia siku nzima. Mimi nililia pia, lakini si kwa sababu aliyolilia yeye. Yule kijana nilikuwa nampenda.

"Acha kazi ile," mama akaniambia. "Kaa na cherehani ya mwenzio. Watu watasahau."

"Mama," nikasema, "miaka yote hii nimeshona kwa mkono usiokuwa wangu. Nitaendelea kushona ili tule. Lakini karatasi zile za dada sikatii tena, na bibi akiniita nitakwenda."

Sikuwahi kumjibu hivyo.

Ilikuwa mwaka wa nne nikimfuata bibi. Tulikuwa tumemaliza kumuosha binti mdogo, mwenye umri kama wa dada, na mimi ndiye niliyemshughulikia nywele. Nilizifumua, nikazisafisha kwa maji ya mkunazi, nikazisuka misuko mitatu nikailaza nyuma yake, kama afanyiwavyo kila mwanamke. Tulipotoka bibi alikaa kwenye ngazi kupumzisha magoti.

"Ulikuwa ukitaka kujua dada yako alikuwaje," akasema.

Nikasimama pale pale.

"Alifanyiwa kama ulivyomfanyia huyu. Ndiyo yote. Sina jingine nililolificha."

"Nywele zake?" nikauliza. "Alizifumua nani?"

"Mimi. Na wala sikuwa na haraka."

Nikakaa ngazini nikalia, na bibi akaniacha nilie, akawa anachezea kingo za leso yake. Nisingependa kudanganya kwamba tangu hapo nilipona. Nilichelewa na nilijua nimechelewa, na ningali najua. Lakini jioni ile nilioga kwa kata, nikajimwagia maji mpaka pipa likakauka.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini magoti ya bibi yalikataa kabisa, wanawe wakaja kumchukua kumrudisha Lamu. Hakunikabidhi kitu wala kutangaza lolote. Alinishika mikono yote miwili, akaitazama, akapanda gari.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, tulipigiwa hodi. Nilikuwa chumbani. Nikasikia sauti ya mwanamume, akihema, akisema mkewe amefariki huko Mavueni na wameambiwa waje hapa. Mama ndiye aliyekuwa amefungua mlango. Nikangoja kumsikia akisema sipo, kama alivyokwisha kusema mara mbili kabla.

Nilisikia mama akiufungua mlango wote.

"Poleni sana, baba," akasema. "Yupo. Kaeni barazani, anavaa."