Radhi ya Bi Twaiba

Siku ile Bi Twaiba aliingia majini mapema, bahari ingali yatoka. Wanawake wenzake wakulima wa mwani wa Kibuyuni, kusini mwa Mombasa, walipomaliza kufunga kamba zao wakarudi juu, yeye hakurudi. Kazi hakuwa nayo. Alikuwa amejificha.

Mwanawe Swabir alikuwa wa kusafiri siku hiyo kwenda Kisimayu, ng'ambo ya mpaka, na mwana wa Kibajuni aliyelelewa akaleleka haondoki bila ya radhi ya mamake. Basi yeye akaona, radhi nikikaa nayo huku majini, ataondokaje?

"Bi Twaiba," jirani yake Mishi akamwita toka ufuoni, "maji yajaa. Au wangoja pweza wakuamkie shikamoo?"

"Wana adabu kukushinda wewe," akajibu, akainama kuvuta kamba isiyo na kitu.

Alitania, lakini jicho halikumtoka ufuoni. Kwao ni visiwa vya kusini mwa Kisimayu. Vita vilimtoa huko Swabir angali mgongoni. Baadaye yakaja majeshi ya nchi nyingine kuwafukuza wenye bunduki. Wenye bunduki wakafukuzwa, bunduki zikabaki, zikabadilisha mabega tu. Sasa kuna bunge, na Wabajuni wametengewa kiti. Wazee wao waliotawanyika wakamteua Swabir awe mjumbe, aende akapige kura ya kukitafutia kiti hicho mtu. Tangu jina lake litoke, simu ya Bi Twaiba haikutulia. Sauti ya mwanamume, mmoja wa wale waliofukuzwa, tena ya upole: "Mama, anayepiga kura chini ya bunduki za wageni, damu yake ni halali yetu. Na twajua unapolima mwani."

Maji yalipomfika kiunoni akamwona Swabir anamjia, na viatu vyake, kanzu nyeupe ya safari yaelea.

"Utaharibu kanzu."

"Basi twende juu, mama."

"Siendi. Wamenipigia simu, Swabir."

"Hata mimi wamenipigia."

Bi Twaiba akaiachia kamba. "Na bado waenda?"

"Nisipokwenda, yuko mkubwa kule ameshaweka mtu wake apige kura mahali pangu, ajiite Mbajuni. Waliotutoa kwetu hawakutuuliza. Waliokuja kutukomboa nao hawakutuuliza. Mara hii tumeulizwa, mama."

Bi Twaiba akaishika kanzu isielee. Alijua akikataa, mtoto atarudi naye nyumbani, na hatamlaumu maishani. Hilo likamtisha kuliko simu. Akamwekea mkono kichwani, mkono wa chumvi.

"Radhi nimekupa. Ruhusa sikupi. Nenda."

Swabir akaenda.

Magharibi haijaadhiniwa, Bi Twaiba yuko nyumbani, simu ikalia. "Mama, mwanao yuko wapi?"

Alitaka kusema yuko Mombasa kwa wakwe zake. Uongo aliuandaa tangu asubuhi. Ulipofika ulimini ukamkwama, kwa kuwa hajapata kumkana mwanawe kwa mtu asiyetaja jina lake.

"Nimemtuma mimi," akasema. "Kura ni yangu."

Yule mtu hakutukana wala hakutisha. "Haya, mama," akasema, akakata.

Afadhali angetukana. Bi Twaiba akatia komeo, akaburura kinu akakiegemeza mlangoni, akakaa chini simu mapajani, aogopa isije ikalia, na aogopa isije ikakaa kimya.